Nani anapelekwa kwenye nyota? Namna mwigizaji anavyobadilisha mhusika katika seri za sayansi

Simi-Simi inajulikana katika Kisangani nzima juu ya uwanja wake wa ndege wa zamani. Mbele ya Bangboka kujengwa, hapa ndipo ndege za mji zilikuwa zinatua. Siku hizi, kwa vijana wengi wa mtaa, vitu vinavyoruka vinaonekana zaidi ndani ya simu. Jioni, pahali kuran iko, ao pahali jenereta ya jirani inanguruma, watu watano wanainamia simu moja ao wanajipanga mbele ya televisheni ndogo. Wanaangalia seri za mambo ya anga: merikebu zinazosafiri kati ya nyota, roboti zinazofikiri, watu wa sayari nyingine wenye masikio marefu. Seri hizo zinapita kutoka simu mpaka simu kwa kadi ya memori, nyingi zikiwa zimetiwa sauti za Kifaransa. Na mara mwigizaji mweusi akitokea kwa mara ya kwanza, hakosekani mtu nyuma wa kuuliza: "Huyu naye, atafika mwisho wa filme?"

Watu wanacheka. Mwenye kuuliza hajasikia hata neno moja la huyo mhusika. Hajui jina lake, hajui kama ni kapiteni ao mpishi. Ameona uso tu, na uso umekwisha kumwambia hadithi itakavyokwenda, juu ya filme nyingi alizoziona mbele ya hiyo.

Huo ndio uzito wa kazi ambayo watu wa sinema wanaita kastingi, ni kusema kuchagua nani ataigiza nafasi gani. Watazamaji wengi wanafikiri ni kazi ndogo: mwandishi ameandika mtu, sasa wanatafuta sura inayofanana naye, basi. Mambo hayaendi hivyo. Mtu wa kwenye karatasi ana maneno tu. Mwili, umri, sauti, rangi, namna ya kutembea, hata yale ambayo mtazamaji anajua juu ya maisha ya mwigizaji, vyote vinaingia pamoja na yule aliyechaguliwa. Tena katika televisheni hadithi inaendelea kuandikwa wakati picha zinapigwa, miezi na miaka, na waandishi wanaanza kuandika kwa kumfuata yeye. Ni sawa nguo inayoshonwa upya kwa kipimo cha mwenye kuivaa.

Katika hadithi za sayansi jambo hili linakuwa kubwa zaidi. Ukipiga filme ya soko la Kisangani, kila mtu anajua nani anapaswa kuonekana pale: mama wa samaki, mwenye toleka, mwanafunzi, polisi. Lakini nani anapaswa kuonekana ndani ya merikebu ya anga ya miaka mia tatu inayokuja? Hakuna aliyefika huko. Hakuna picha ya zamani ya kufuata. Kila uso unaowekwa pale ni uamuzi wa mtu aliyekaa ofisini, na uamuzi huo unasema nani atakuwa bado yupo wakati huo, nani atakuwa anatoa amri, na nani atakuwa anafungua milango.

Kamera ziliwahi kufika hapa

Kisangani ina sababu yake ya kujali swali hilo. Mwaka wa 1951, mji ukiitwa bado Stanleyville, John Huston alileta kundi lake kupiga sehemu ya filme The African Queen kwenye mto Ruiki, upande wa Ponthierville, Ubundu ya leo. Mwaka wa 1958 akafika Fred Zinnemann pamoja na Audrey Hepburn kwa ajili ya The Nun's Story, iliyotoka mwaka wa 1959. Mto ni wetu, miti ni yetu, na umati unaoonekana nyuma ni wa hapa. Lakini wahusika Wacongo wenye majina na wenye kuongea walipewa watu wengine. Kalulu aliigizwa na Orlando Martins, Mnigeria. Illunga aliigizwa na Errol John, mtu wa Trinidad.

Wote wawili walikuwa waigizaji wazuri, na hakuna ubaya Mnigeria kuigiza Mcongo. Hizo hata si filme za sayansi. Zinakumbukwa hapa kwa sababu moja tu: kamera inaweza kusimama mbele ya mlango wako, na mtu wa kuongea kwa jina lako akachaguliwa mbali. Kama ilikuwa hivyo kwa hadithi za mto huu, hadithi za nyota zilitazamiwa kuwa namna gani?

Mwanamke aliyeondolewa

Mwishoni mwa mwaka wa 1964, majira yale yale ambapo askari wa miavuli wa Ubelgiji waliteremka juu ya uwanja wa Simi-Simi (ilikuwa tarehe 24 mwezi wa 11), Gene Roddenberry, Mmarekani aliyewahi kuwa rubani na polisi, alikuwa California anapiga filme ya kujaribu. Ilikuwa ya kwanza ya seri aliyoiita Star Trek. Ndani yake msaidizi wa kapiteni alikuwa mwanamke, akiigizwa na Majel Barrett. Hakuwa na jina, aliitwa tu Namba Moja. Alikuwa mtu baridi: hacheki, hakasiriki, anapima kila jambo kwa akili. Pembeni yake alikuwepo Spock mwenye masikio ya ncha, akiigizwa na Leonard Nimoy. Anayeangalia filme hiyo leo anashangaa. Spock anapaza sauti, tena anatabasamu kama mtoto.

Televisheni ya NBC iliikataa. Iliomba nyingine, na katika ile ya pili mwanamke hayumo tena. Masikio yalibaki. Lakini ule ubaridi wa Namba Moja haukutupwa, alipewa Spock. Kisha kapiteni naye akabadilishwa. Jeffrey Hunter, mtu mtulivu, aliondoka, na nafasi ikachukuliwa na William Shatner, ambaye anaigiza kwa nguvu, kwa mikono, kwa sauti inayopanda na kushuka. Nimoy alieleza baadaye kwamba mbele ya kapiteni mtulivu alikuwa analazimika kutia moto yeye mwenyewe, lakini Shatner alipofika akaweza kutulia na kumwachia mwenzake moto wote. Kwa hiyo Spock anayejulikana dunia nzima, yule asiyecheka, alitokana na mwanamke aliyeondolewa na mwanaume aliyeingia. Hakuna mtu aliyekaa mezani akamwandika vile toka mwanzo.

Uhura, neno letu lililobadilishwa herufi moja

Hadithi inayogusa Kiswahili zaidi ni ya Nichelle Nichols. Alizaliwa mwaka wa 1932 katika Illinois, alikuwa mwimbaji na mcheza dansi, aliwahi kuimba na Duke Ellington. Alipokwenda kujaribiwa kwa ajili ya Star Trek, nafasi yake ilikuwa bado haijaandikwa. Kwa maelezo yake mwenyewe, walimpa asome maneno ya Spock. Mkononi alikuwa na kitabu alichokuwa akikisoma, riwaya ya Robert Ruark juu ya Kenya, yenye jina Uhuru. Watu wa seri wakamuuliza neno hilo lina maana gani. Roddenberry akalipenda, na kwa kulilainisha kidogo wakapata jina la mhusika: Luteni Uhura, mkubwa wa mawasiliano.

Kwa hiyo mtu alifika kwanza, mhusika akafuata. Kama siku hiyo Nichols angekuwa na riwaya ya mapenzi mkononi, huenda yule luteni angeitwa kitu kingine kabisa. Kwa msemaji wa Kiswahili jina hilo linachekesha kidogo, sababu uhuru tunaujua lakini uhura hakuna anayeujua. Miaka mingi baadaye akapewa na jina la kwanza, Nyota, na filme ya mwaka wa 2009 ikalitia kwenye hadithi rasmi. Sasa anaitwa Nyota Uhura, na mtoto wa Kisangani anaelewa nusu ya jina hilo haraka kuliko mtoto wa New York.

Seri ilianza kuonyeshwa tarehe 8 mwezi wa 9 mwaka wa 1966. Kenya ilikuwa na uhuru wa miaka isiyofika 3, Congo miaka 6. Katika Amerika yenyewe, watu weusi wa kusini ndiyo kwanza walikuwa wamepata sheria ya mwaka wa 1965 ya kulinda haki yao ya kupiga kura. Mwanamke mweusi aliyekaa katika chumba cha amri cha merikebu, akiwa na cheo, bila sahani wala ufagio mkononi, ilikuwa jambo la kumfanya mtu aite jirani aje aone.

Lakini cheo si kazi. Wiki kwa wiki Uhura alikuwa anapewa maneno machache, mara nyingi kusema tu kwamba njia za mawasiliano zimefunguliwa. Maneno mengine yalikatwa mbele ya picha kupigwa. Mwisho wa mwaka wa kwanza Nichols aliamua kuacha arudi kwenye jukwaa la nyimbo. Alisimulia mara nyingi kwamba katika siku hizo alikutana na Martin Luther King kwenye mkutano wa chama cha NAACP. King akamwambia kwamba yeye na familia yake wanaifuata seri hiyo, na kwamba hapaswi kuondoka: nafasi yake haikuandikwa kuwa ya mtu mweusi, kwa hiyo akitoka wanaweza kuijaza na mtu yeyote, hata kiumbe wa sayari nyingine. Nichols akabaki.

Hapo ndipo mtu anaona kitu ambacho karatasi haionyeshi. Ukisoma maandishi ya Uhura ya mwaka wa 1966, kuna msichana wa simu. Ukimwangalia Nichols, namna anavyokaa, namna anavyogeuza kiti, namna anavyomtazama kapiteni usoni, kuna afisa. Tofauti hiyo haikutoka kwa mwandishi.

Jina nalo likaanza kuzaa mambo. Katika kipindi cha kwanza kabisa kilichoonyeshwa, kiumbe anayeweza kubadilisha sura anamtokea Uhura kama mwanaume mweusi na kumwongelesha Kiswahili. Katika kipindi cha mwaka wa 1967 chenye jina The Changeling, mashine inamfuta Uhura kumbukumbu yote, anafundishwa kusoma upya, na anaposhindwa neno la Kiingereza kinachomtoka ni Kiswahili. Waandishi walikuwa wameokota neno moja kwenye jalada la kitabu, na sasa neno hilo limempa mhusika lugha ya mama na bara la kutokea. Nichols mwenyewe hakuwa msemaji wa Kiswahili. Kiswahili kilipata nafasi ndani ya merikebu, Mswahili hakupata.

Hata hivyo sura ile ilifika mbali. Mwaka wa 1977 NASA ilimtumia Nichols kutafuta wanawake na watu weusi wa kuomba kazi ya kwenda angani, na katika kundi lililochaguliwa mwaka wa 1978 walikuwemo Sally Ride, mwanamke wa kwanza Mmarekani kufika huko, na Guion Bluford, Mmarekani mweusi wa kwanza. Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza kwenda angani, mwezi wa 9 mwaka wa 1992, alisema wazi kwamba alikua akimwangalia Uhura. Mwaka uliofuata alialikwa kuigiza nafasi ndogo katika seri ya Star Trek ya wakati huo. Nichols alikufa tarehe 30 mwezi wa 7 mwaka wa 2022. Mwaka huo huo, katika seri mpya ya Strange New Worlds, Celia Rose Gooding alikuwa ameanza kumwigiza Uhura akiwa kijana mwanafunzi, mtu wa Kenya, mwenye kujua lugha nyingi, aliyepoteza wazazi na ndugu yake katika ajali. Sehemu iliyokuwa tupu mwaka wa 1966 sasa imejazwa, miaka zaidi ya 50 baadaye, tena na mwigizaji mwingine wa Marekani.

(Kwa wanaojua Kifaransa, kuna kichekesho kingine ndani ya Star Trek. Katika seri ya mwaka wa 1987 kapiteni ni Mfaransa, Jean-Luc Picard. Roddenberry hakutaka mwanzoni kumpa nafasi hiyo Patrick Stewart, Mwingereza mwenye upara. Alipokubali, Mfaransa huyo akawa mtu wa kunywa chai na kusoma Shakespeare, kwa lafudhi ya jukwaa la Uingereza.)

Daktari aliyezaliwa Kigali

Uingereza ina seri yake, ya zamani kuliko Star Trek. Doctor Who ilianza BBC tarehe 23 mwezi wa 11 mwaka wa 1963. Mhusika mkuu anaitwa Daktari, mtu wa sayari nyingine anayesafiri katika wakati ndani ya kibanda cha polisi. Mwigizaji wa kwanza, William Hartnell, alikuwa mzee, na afya yake ikaharibika. Mwaka wa 1966 watengenezaji walipaswa kuchagua: kufunga seri ao kutafuta njia. Wakavumbua kwamba mtu wa kabila la Daktari akikaribia kufa, mwili wake unabadilika na anakuwa mtu mwingine, na kumbukumbu zinabaki. Patrick Troughton akaingia. Kanuni kubwa kuliko zote za hadithi hiyo, ile iliyoiwezesha kuishi miaka 60, ilitokana na ugonjwa wa mwigizaji mmoja.

Kwa kanuni hiyo Daktari angeweza kuwa yeyote. Kwa miaka 50 na zaidi alikuwa mwanaume mzungu kila mara. Jodie Whittaker alikuwa mwanamke wa kwanza kuchukua seri, kutoka mwisho wa mwaka wa 2017. Jo Martin, mwanamke mweusi, alionekana mwaka wa 2020 kama Daktari wa zamani aliyefichwa, lakini kwa vipindi vichache tu. Kisha tarehe 8 mwezi wa 5 mwaka wa 2022 ikatangazwa kwamba Daktari mpya ni Ncuti Gatwa.

Gatwa alizaliwa Kigali mwezi wa 10 mwaka wa 1992. Mauaji ya kimbari ya mwaka wa 1994 yaliikimbiza familia yake mpaka Scotland, na huko ndiko alikulia na kusoma kazi ya kuigiza.

Kwa mkaaji wa Kisangani, Kigali si jina la kupita hivi hivi. Mji huu ulipokea wakimbizi wa 1994 waliotembea msituni mpaka kwenye makambi ya Kasese na Biaro, njia ya Ubundu, na wengi wao walimalizikia huko mwaka wa 1997. Mwezi wa 6 mwaka wa 2000, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana ndani ya mji wetu kwa siku 6. Makaburi yapo, viungo vilivyokatika vipo. Mtazamaji wa hapa anaweza kukaa mbele ya Gatwa na moyo wenye mambo mawili pamoja, na hakuna mtu wa London aliyefikiria mambo hayo wakati wa kumchagua. Mwigizaji anachaguliwa pahali pamoja, anaangaliwa pahali elfu, na kila pahali wanamwongezea kitu chao. Mtoto aliyebebwa kutoka Kigali kabla hajafikisha miaka 2 si jeshi. Lakini ni lazima mtu aliseme kwa mdomo, sababu mwilini halipiti lenyewe.

Sasa, nini kilibadilika ndani ya mhusika? Toka mwaka wa 2005 Daktari alikuwa tayari mtu ambaye watu wake wameangamizwa, yeye amebaki peke yake. Waigizaji wengine walisema hayo vizuri kabisa. Anapoyasema mtu ambaye maisha yake yalianza kwa kukimbia mauaji, maneno ni yale yale, lakini mwenye kusikia anasikia nchi yenye jina kwenye ramani. Hilo mwandishi hakuhitaji kuliandika.

Mambo mengine yaliandikwa. Kipindi cha Dot and Bubble, kilichoonyeshwa mwezi wa 6 mwaka wa 2024 na kuandikwa na Russell T Davies, kinaonyesha mji wa vijana matajiri ambao hawaachi kuangalia vioo vya mawasiliano vinavyozunguka vichwa vyao. Wadudu wakubwa wanawala mmoja mmoja. Daktari anapigana kuwaokoa kipindi kizima. Mwishoni anawapa nafasi ya kupanda merikebu yake, wanakataa. Wanamtazama na kusema, kwa maneno ya kuzunguka, kwamba hawawezi kwenda na mtu kama yeye. Hapo mtazamaji anarudisha mawazo nyuma na kugundua kwamba toka mwanzo kila mkaaji wa mji ule alikuwa mzungu, na pengine yeye hakuona. Daktari anawaomba tena waende naye, anacheka, analia. Kwa Daktari yeyote wa mbele, hadithi hiyo isingekuwa na mwisho ule. Ingekuwa hadithi ya wadudu na simu tu.

Kipindi kingine, cha mwezi wa 5 mwaka wa 2025, kiliandikwa na Inua Ellams, mshairi aliyezaliwa Nigeria. Daktari anakwenda Lagos kwa kinyozi. Kabla ya kutoka anamweleza mwenzake kwamba mwili huu mweusi ni mpya kwake, kwamba pahali pengine duniani watu wanamtendea tofauti, na kwamba pale kwa kinyozi anapokelewa kama mtu wa nyumbani. Kila mwanaume wa Simi-Simi anajua kiti cha kinyozi ni nini: siasa, mpira, ndoa za wengine, na kelele. Daktari aliishi zaidi ya miaka 60 ya televisheni bila kuhitaji kinyozi wa namna hiyo. Alikihitaji kiti hicho siku alipopata nywele za Gatwa.

Gatwa aliacha nafasi hiyo tarehe 31 mwezi wa 5 mwaka wa 2025, baada ya misimu 2. Wengine wanasema ni muda mfupi mno. Wana haki, sababu mhusika alikuwa ndiyo kwanza anaanza kuzoea mwili wake.

Baiskeli

Kuna mfano mmoja mfupi ambao wenye toleka watauelewa kuliko wataalamu. Mwezi wa 12 mwaka wa 2011, katika seri ya Uingereza ya Black Mirror, kilionyeshwa kipindi ambamo watu wanaishi ndani ya vyumba vya vioo na kukanyaga baiskeli mchana kutwa. Baiskeli haziendi popote. Zinatengeneza kuran, na mwenye kukanyaga anapata pointi za kununua chakula na kuruka matangazo. Mhusika anaitwa Bing. Aliyechaguliwa ni Daniel Kaluuya, aliyezaliwa London kwa wazazi wa Uganda. Hadithi haisemi neno lolote juu ya rangi yake. Lakini jicho lake linabeba hasira ambayo haitoki mpaka mwisho, na Jordan Peele wa Marekani alipoona kipindi hicho alimchukua kwa ajili ya filme yake ya mwaka wa 2017, Get Out. Mwigizaji alikipa kipindi uso, na kipindi kikampa kazi.

Sauti

Ndani ya Kisangani watu wengi hawamsikii Nichols wala Gatwa. Wanasikia Mfaransa aliyeingia studio na kusema Kifaransa juu ya midomo yao. Hiyo nayo ni kastingi, ya pili, na inaweza kubomoa ya kwanza. Lafudhi ya Scotland ambayo Gatwa anaiacha itokee mara kwa mara inapotea. Sauti ya Nichols, sauti ya mwimbaji, inapotea. Uso unabaki wa mmoja, koo linakuwa la mwingine.

Katika Afrika ya Mashariki watu walitafuta dawa yao wenyewe. Tanzania ilikuwa na Lufufu, aliyekuwa anatafsiri filme za nje kwa Kiswahili kwa sauti moja, akiigiza wote, polisi na mwizi na mke wa mwizi, na kuongeza maneno yake pahali filme ilipokuwa imelala. Kenya ina DJ Afro. Uganda ina VJ Jingo na wenzake, kwa Luganda. Kinshasa filme za Nigeria zilielezwa kwa Lingala kwenye televisheni. Mtu wa namna hiyo anabadilisha wahusika bila ruhusa ya mtu yeyote. Shujaa anaweza kuwa mwoga, adui akapewa sauti ya mjomba mlevi na watu wakampenda.

Na jirani zetu wamekwisha kutengeneza ya kwao. Neptune Frost ya Saul Williams na Anisia Uzeyman, filme ya mwaka wa 2021, ilipigwa Rwanda na wasanii wa Rwanda na Burundi, Warundi wengine wakiwa wakimbizi. Inasimulia wachimbaji wa koltani na vijana wanaoingia ndani ya mashine za dunia kutoka kijiji kilichojengwa kwa vipande vya kompyuta. Mhusika Neptune anaigizwa na watu wawili, kwanza Elvis Ngabo, kisha Cheryl Isheja, juu ya mwili wake unabadilika njiani. Ni ufundi ule ule wa Doctor Who wa mwaka wa 1966, lakini hapa hakuna mgonjwa wa kumbadilisha. Walipanga hivyo toka mwanzo. Tena lugha ni nyingi: Kinyarwanda, Kirundi, Kiswahili, Kifaransa, Kiingereza. Hapo Kiswahili hakikuokotwa kwenye jalada la kitabu cha mtu.

Redio yenyewe inajua mambo haya kuliko televisheni. Katika mchezo wa redio hakuna uso wa kumhukumu mtu mbele hajaongea. Mama wa miaka 50 anaweza kuwa mtoto wa miaka 8, na kijana wa Simi-Simi anaweza kuwa kapiteni wa merikebu akiwa na sandali miguuni, mradi sauti ikubali. Anayechagua anafunga macho na kusikiliza. Shida ni moja tu, na kila aliyewahi kuongoza mchezo wa namna hiyo anaijua: mtu akiambiwa aigize mkubwa wa mwaka wa 2300, karibu kila mara anaanza kuongea Kifaransa. Akiambiwa sasa aigize mlinzi wa mlango, anarudi kwenye Kiswahili.

Jioni, kwenye simu moja ya watu watano, kuna siku mmoja anayejua Kifaransa anawaelezea wenzake. Anamfanya roboti aongee sawa askari wa barieri. Daktari anapata sauti ya mwalimu wa shule ya msingi aliyechoka. Uhura, akitokea, anaongea Kiswahili cha hapa, cha haraka, chenye Lingala ndani, na anamkatiza kapiteni maneno.